Kujua Mauti Bila ya Kujua Njia Yake

Usiku wa tarehe 13 Oktoba 1995 shirika la televisheni la Fox nchini Marekani lilionyesha sehemu ya nne ya msimu wa tatu wa tamthilia ya The X-Files, sehemu iliyopewa jina la Clyde Bruckman's Final Repose, na tangu usiku ule hadi leo watazamaji wake hawajaafikiana juu ya maana yake. Wako wanaoshikilia kwamba yafundisha kuwa kila jambo limekwisha andikwa na mja hana la kuzuia. Wako wanaosema kuwa mafundisho yake ni kinyume cha hayo, kwa sababu mpelelezi aliyetabiriwa kuchinjwa jikoni alitoka jikoni yu hai. Na liko kundi la tatu ambalo limeyaacha yote hayo likaganda katika jibu moja fupi alilopewa mpelelezi mwenzake, Dana Scully, likalijengea nadharia nyingi ambazo jibu lenyewe haliwezi kuzibeba. Tashwishi hii haikuletwa na uzembe wa watazamaji. Imo ndani ya kazi yenyewe, kwa kuwa mtunzi wake, Darin Morgan, ameweka katika hadithi moja watu wawili waonao mambo ya ghaibu, wala maono yao hayafanani kwa asili wala kwa matokeo.

Kisa chenyewe

Katika mji wa St. Paul, jimboni Minnesota, wasoma viganja na wasoma majani ya chai wanauawa mmoja baada ya mwingine, na wapelelezi wa FBI, Fox Mulder na Dana Scully, wanaitwa kusaidia. Polisi wa mji wamekwisha mwajiri mtabiri mashuhuri wa televisheni aitwaye Yappi, mtu wa maneno mapana na nyusi za kutisha, ambaye utabiri wake umekatwa kwa vipimo vya kumfaa kila mtu na kila mahali. Ndipo anapotokea Clyde Bruckman, mzee mpweke anayechezwa na Peter Boyle, ambaye kazi yake ni kuuza bima ya maisha na ambaye, bila ya kutaka wala kujivuna, huona jinsi kila mtu atakavyokufa. Upande wa pili yupo mwuaji, kijana asiyetajwa kwa jina, ambaye naye hujiona akitenda mambo kabla hajayatenda, na huwaendea watabiri ili wamweleze kwa nini anayatenda. Nao wakishindwa kumjibu, huwaua.

Mwisho wake ni kwamba mwuaji hupigwa risasi katika jiko la hoteli, na Bruckman hujiua kitandani mwake akiacha barua ya kumwomba Scully amchukue mbwa wa jirani aliyefariki.

Mwuza bima na elimu ya mauti

Yafaa kwanza tusimame kidogo katika kazi ya Bruckman, kwa sababu wengi huipita kana kwamba ni mzaha tu, ilhali ndiyo mlango wa suala zima. Bima ya maisha imesimama juu ya elimu ya namna maalumu: tangu mwaka 1693, Edmond Halley alipochapisha jedwali la vifo vya mji wa Breslau, wanahesabu wamejua kukadiria kwamba katika watu elfu wa umri fulani wangapi watafariki kabla ya mwaka kwisha, wala hawajui hata mmoja wao ni nani. Kutojua huko si dosari ya biashara hii bali ndiko kuiwezeshako. Siku mwenye kampuni atakapojua nani atakufa lini, atawakataa wote watakaokufa upesi. Na siku mteja atakapojua, watakaokawia hawatalipa ada. Bruckman ni mtu aliyepewa kwa ukamilifu ile elimu ambayo kazi yake yamtaka asiwe nayo. Ndiyo maana twamwona akimweleza kijana anayekataa kukata bima kwamba baada ya miaka miwili atagongana uso kwa uso na mlevi anayeendesha gari aina ya Mustang ya mwaka 1987, rangi ya buluu, na kijana yule, badala ya kushukuru, huondoka akimwona mzee kuwa mwenda wazimu. Hakuna bima iliyouzwa, hakuna roho iliyookolewa.

Asili ya kipawa chake nayo yastahili kuangaliwa. Bruckman asimulia kwamba yote yalianza alipotafakari ajali ya ndege ya tarehe 3 Februari 1959, iliyowaua Buddy Holly, Ritchie Valens na J. P. Richardson aliyejulikana kama The Big Bopper. Kwa mujibu wake, Big Bopper alikipata kiti chake kwa kurushiana sarafu na mwenziwe, naye Bruckman, aliyempenda zaidi kuliko Holly, akaanza kujiuliza ni mambo mangapi katika maisha ya watu wangapi yalipasa kutukia ili mtu yule afike usiku ule mahali ambapo uhai na mauti vyategemea upande wa sarafu. Wazo likamtawala hata akawa huona kifo cha kila mtu. Ukweli wa historia ni mwingine kidogo. Sarafu ilirushwa baina ya Valens na mpiga gitaa Tommy Allsup, na Richardson alipewa kiti na Waylon Jennings kwa sababu alikuwa na homa. Morgan ameihamisha sarafu, naye ana haki ya kufanya hivyo. Lakini uhamisho huo una maana kubwa kuliko ruhusa ndogo ya mtunzi. Homa ni sababu: mtu aweza kuifuata nyuma hadi kwenye basi bovu lenye baridi ambamo wanamuziki wale walisafiri wakati wa kipupwe. Sarafu haifuatiki hivyo. Mtu aliyeshikwa na fikira ya sarafu ameshikwa na tokeo lililokatwa shina lake, na hivyo ndivyo maono yake yote yatakavyokuwa.

Kauli ya kwanza: lililoandikwa halifutiki

Kauli ya kwanza ndiyo ya Bruckman mwenyewe. Mulder anapomwuliza iwapo yajayo yaweza kubadilishwa, mzee hujibu kwa hoja nyepesi iliyo nzito: angewezaje kuyaona kama hayapo tayari? Na Mulder anapozidi kuuliza kwamba, ikiwa ni hivyo, kuna haja gani ya kufanya lolote, Bruckman humwonyesha kuwa sasa ameanza kuelewa. Nguvu ya kauli hii ni kwamba hadithi yaiunga mkono karibu kila mahali. Hakuna kifo alichokiona Bruckman kwa macho yake mwenyewe ambacho kilikwenda kombo. Alimwambia Scully kwamba ipo siku watakuwa pamoja kitandani, yeye Scully amemshika mkono kwa huruma, na Scully hakumwamini. Siku ilipofika, Scully aliketi kandoni mwa maiti, amemshika mkono.

Suala hili si geni kwa msomaji wa Kiswahili aliyepata kuonja elimu ya tauhidi. Jabriya walisema mja hana hiari, ni kama unyoya katika upepo. Kadariya wakasema mja huviumba vitendo vyake. Na al-Ash'ari, katika karne ya kumi, akashika njia ya kati ya kasb, kwamba Mola huumba kitendo na mja hukichuma, na kwa kukichuma huwajibika. Kabla yao Wayunani walikuwa na hoja waliyoiita ya uvivu: mgonjwa akiwa amekadiriwa kupona atapona hata asipomwita tabibu, na akiwa amekadiriwa kufa atakufa hata akimwita, basi kumwita ni bure. Chrysippus, mkuu wa Wastoa, aliijibu kwa akili sana aliposema kwamba kumwita tabibu nako kumekadiriwa pamoja na kupona. Mambo hayo mawili yamefungwa pamoja, wala huwezi kulitwaa moja ukaliacha jingine.

Udhaifu wa kauli ya kwanza, jinsi Bruckman anavyoishika, ni kwamba amelisahau jibu la Chrysippus. Yeye huona kupona au kufa, na haoni tabibu. Na kwa kuwa haoni, hudhani hayupo.

Mwuaji ameanguka shimo lile lile kwa njia mbaya zaidi. Anapokutana na Bruckman uso kwa uso katika chumba cha hoteli, swali lake ni lile lile la siku zote: kwa nini nayatenda haya? Bruckman hujibu kwamba anayatenda kwa sababu ni mwuaji mwenye wazimu. Kijana hushusha pumzi, kana kwamba ameondolewa mzigo, na kukiri kwamba hilo laeleza mengi. Watazamaji hucheka, nao wana haki, lakini hapo ndipo hoja ya uvivu ilipochanwa. Mtu huyu amekuwa akijidai mwanasesere anayevutwa nyuzi na kadari, kumbe nyuzi zote ziliishia mkononi mwake mwenyewe.

Kauli ya pili: onyo laweza kuvunja utabiri

Wa kauli ya pili husema kwamba maono ni habari, na habari humfaa aliyeipata. Mfano wake ulio wazi katika televisheni si The X-Files bali FlashForward, tamthilia ya shirika la ABC iliyoanza Septemba 2009, iliyotoholewa kutoka riwaya ya Robert J. Sawyer ya mwaka 1999. Humo karibu wanadamu wote duniani huzimia kwa sekunde 137, na wengi wao hujiona siku ya tarehe 29 Aprili 2010, miezi kadhaa mbele. Katika sehemu moja mpelelezi Al Gough, aliyeona kwamba siku hiyo atakuwa amesababisha kifo cha mwanamke asiyemjua, hujirusha kutoka juu ya jengo, na kwa kufa kwake huthibitisha kwa wote kwamba siku ile haikufungwa.

Hoja hiyo ina uzuri wa dhahiri, nayo huurudishia uhai wa binadamu thamani yake, kwa kuwa uamuzi wa mtu huwa na athari. Lakini ina gharama ambayo tamthilia haikuilipa. Ikiwa walioona maono waweza kuyavunja, basi kile walichokiona hakikuwa yajayo. Kilikuwa moja tu katika mengi yawezekanayo, na hatuambiwi kwa nini hilo ndilo waliloonyeshwa. Fauka ya hayo, maono yale yalionekana na watu ambao wangeamka wakiyakumbuka, kwa hiyo siku iliyoonyeshwa yapasa iwe imekwisha yahesabu maonyo yake yenyewe. Na kila mmoja akiyavunja ya kwake, hakuna hata mmoja atakayekuwa ameona kweli. Mtunzi atakaye kuishika kauli hii hana budi aeleze ni nani anayeruhusiwa kuvunja na nani asiyeruhusiwa, na aghalabu hueleza kwa kutazama nani ni shujaa wa hadithi.

Kauli ya tatu: utabiri wenyewe ndio sababu

Kauli ya tatu huuacha wakati ujao kando ikamtazama msikilizaji. Katika Nick of Time, sehemu ya The Twilight Zone iliyotungwa na Richard Matheson na kuonyeshwa tarehe 18 Novemba 1960, maarusi wawili wamekwama katika mji mdogo wa Ohio kwa sababu gari lao limeharibika. Katika mkahawa wakuta kisanduku chenye kichwa cha shetani juu yake, ambacho kwa senti moja hutoa kijikaratasi chenye jibu. Majibu ni ya kuzungukazunguka, ya kusubiri na ya huenda, na ungeweza kuyapachika juu ya swali lolote. Walakini mume, anayechezwa na William Shatner, huanza kuulizia hata saa ya kuondoka, na senti baada ya senti huona kwamba hawezi kuinuka kitini. Mkewe ndiye humwokoa, kwa kumkumbusha kwamba wao wenyewe waweza kuamua waende wapi.

Katika fasiri hii hatuhitaji kujua iwapo kisanduku chajua lolote. Oedipus wa visa vya Wayunani alimwua baba yake kwa sababu ya kukimbia utabiri kwamba angemwua. Hofu ndiyo iliyofanya kazi. Hii ndiyo kauli iliyo salama kuliko zote mbele ya akili, kwa sababu haidai muujiza wowote. Na Yappi, pamoja na nyusi zake, ni ithibati yake iliyo hai. Upungufu wake ni kwamba haimfiki Bruckman. Yeye hamwambii mtu jambo la jumla. Mpelelezi wa polisi, Havez, alipomwuliza kama atakufa kwa saratani ya mapafu, alijibiwa kwamba la, akawasha sigara yake kwa moyo mkunjufu; muda mfupi baadaye aliuawa na mwuaji aliyeingia kama mhudumu wa hoteli. Jibu lilikuwa kweli tupu, wala halikumwua. Halikumfaa lolote tu.

Jiko la hoteli

Sasa tufike mahali ambapo ugomvi wote umezaliwa. Bruckman alimsimulia Mulder maono ambayo hayakuwa yake bali ya mwuaji: kwamba Mulder yumo jikoni akimsaka, akanyaga pai, atazama chini, na mwuaji amjia kwa nyuma na kumkata koo. Katika usimulizi huo Bruckman ahangaika zaidi na aina ya pai kuliko na koo la mtu. Siku yenyewe Mulder aingia jikoni, kiatu chake chazama katika pai, akumbuka, ageuka. Kisu chalikosa koo lake, na Scully, aliyepanda lifti ya watumishi kwa makosa, atokea na kumpiga mwuaji risasi. Kijana afa akishangaa kwamba mambo hayakupasa kwenda hivyo.

Wa kauli ya pili huinua bendera hapa: tazama, kadari imevunjwa. Wa kauli ya kwanza hujitahidi kujitetea kwa kusema kwamba maono yaliishia pale kwenye kisu na yaliyobaki yalikuwa dhana. Lakini utetezi huo ni dhaifu, kwa kuwa Bruckman alilitaja koo waziwazi. Mimi naona kwamba ufunguo u katika tofauti ya waonaji. Bruckman huona vifo, na vifo alivyoviona yeye havikukosa. Mwuaji hujiona yeye mwenyewe akitenda, na mtu ajionaye akitenda yu karibu mno na mtu anayekusudia kutenda. Alichokiita kadari kilikuwa nia yake, na nia huweza kuzuiwa na lifti, na kumbukumbu, na risasi. Tamthilia haisemi hivi kwa kauli yake, na msomaji ana hiari ya kuikataa fasiri hii, lakini ndiyo pekee inayolifanya jibu la Bruckman kwa yule kijana lisiwe mzaha mtupu.

Kuna na jambo jingine ambalo laonekana dogo. Mulder aligeuka kwa sababu ya pai. Miongoni mwa maono yote ya sehemu hii, hayo ndiyo pekee yaliyokuja na alama ya njiani, kitu kinachoweza kuonekana kabla ya pigo na kumwambia mtu kwamba saa imefika. Kijana wa bima naye alitajiwa gari, rangi yake na mwaka wake, lakini hakutajiwa siku, naye hawezi kuyakimbia magari yote ya buluu kwa miaka miwili. Havez aliambiwa lisilomwua, hakuambiwa limwualo. Nahodha aliyeambiwa kwamba jahazi lake litapasuka mwambani, asiambiwe mwamba uko wapi, hana zaidi ya khofu. Hata Bruckman mwenyewe, aliyejaaliwa kuona hatima ya wanadamu wote, hununua bahati nasibu na kukosa kama wengine, kwa sababu hakuna anayekufa katika namba zile.

Kwa hiyo swali ambalo watazamaji wamelipigania, la kama yajayo hubadilika, silo ambalo kazi hii yalijibu kwa ufasaha. Na lawama yapasa imwendee mtunzi kwa kuiachia lifti iamue mahali ambapo hoja ilikuwa imekaribia kuamua yenyewe. Linalojibiwa kwa ufasaha ni hili: elimu ya mwisho bila ya elimu ya sababu haiwi elimu ya kutendea kazi. Tabibu ajuaye ugonjwa umetoka wapi ana la kufanya hata asipojua siku ya kufa kwa mgonjwa. Bruckman ajua siku na hana la kufanya. Kukata tamaa kwake hakukutokana na kwamba kadari ipo. Kulitokana na kuiona kadari kwa upande mmoja tu, upande wa kaburi.

Jibu alilopewa Scully

Limebaki lile jibu fupi. Scully, baada ya kukataa kwa muda mrefu, amwuliza Bruckman yeye atakufa vipi, na mzee amjibu kwamba yeye hafi. Walioshika maneno kwa dhahiri yake walipata nguvu Januari 1999, katika sehemu iitwayo Tithonus iliyotungwa na Vince Gilligan, ambamo mpiga picha Alfred Fellig, asiyeweza kufa, hukipokea kifo kilichokuwa kimemwelekea Scully; na Morgan mwenyewe aliuchochea moto huo mwaka 2016 alipomfanya Scully atanie kwamba yeye hafi milele. Lakini mzaha wa miaka ishirini baadaye si ushahidi. Mtu aliyeharibiwa na kujua ameulizwa na mtu aliyemhurumia, naye akamnyima kile kilichomharibu. Fasiri hiyo haihitaji muujiza wa ziada, nayo yalingana na tabia ya mzee yule tangu mwanzo hadi mwisho.

Hukumu

Nikizipima kauli tatu, ile ya FlashForward ndiyo yenye mvuto mkubwa na mizizi mifupi. Ile ya Nick of Time ni thabiti lakini imejichagulia adui mnyonge. Na ile ya Bruckman ndiyo nzito kuliko zote, si kwa sababu ni sahihi, bali kwa sababu hadithi yampa nafasi ya kuisema yote na kisha yaonyesha palipopungua. Sekunde chache za lifti ni kasoro ya kweli, wala hazitoshi kuiondoa kazi hii katika nafasi yake. Mwaka 1996 Darin Morgan alipewa tuzo ya Emmy ya uandishi wa tamthilia kwa ajili yake, na Peter Boyle akapewa ya mwigizaji mgeni. FlashForward ilisimamishwa mwaka 2010 baada ya msimu mmoja. Mwenye nafasi ya kutazama mbili tu na aanze na ile ya Matheson ya mwaka 1960, ndipo aende kwa Bruckman.